Lulu Bado Hajapata Joto

Mwanangu Minza,

Marahaba. Najua utaanza na shikamoo hata kwenye karatasi, kwa hiyo nimekuitikia mapema. Watu wakiandika barua husema wao ni wazima, hofu na mashaka ni kwa yule aliye mbali. Kwangu mambo yamepinduka. Wewe hujaondoka bado, uko kwa bibi yako ng'ambo ya barabara unaaga, nasikia hata mnavyocheka, na hofu na mashaka yote ninayo mimi hapa, nimekaa juu ya debe kwenye ghala la majani.

Sitakuambia habari za blanketi, wala chandarua, wala usile nini njiani ukifika Singida. Hayo mama yako amekwisha kukupa tangu Jumapili, na shangazi yako wa Mirongo ameongeza yake pamoja na masweta mawili ya mtumba. Ukiyafuata yote hutapata nafasi ya kufanya kazi. Mimi nataka tuongee juu ya asubuhi. Nasema ule muda mdogo kati ya kumtoa farasi wetu Lulu bandani na mpandaji kusema sasa tuanze kazi. Hapo ndipo ninapoogopea. Siogopi Arusha yenyewe mnakokwenda, ingawa sijafika. Siogopi wanaume wa huko kiasi mama yako anavyowaogopa. Naogopa dakika zile.

Unajua mimi ni mtu wa ng'ombe. Nimelima na ng'ombe tangu sijaota ndevu, na dume likinitolea macho mimi naliambia lisogee linipishe. Lakini farasi nilimwogopa tangu siku ya kwanza, na mpaka leo hii ninayokuandikia namwogopa. Nakuambia kwa vile watu wa hapa Usagara wanadhani mimi ni bingwa. Wananiona napita na Lulu barabarani, wanasema yule mzee ana moyo. Hawajui kwamba jicho langu moja linatafuta pa kukimbilia.

Ulikuwa bado mdogo Mama Ingrid alipokuja. Pamba ilikuwa imeyumba, chama cha ushirika kimelala, na kule ufukweni viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa kila upande. Mume wake aliletwa kuwa meneja wa kimoja, naye akaja na farasi jike mmoja kwenye lori kutoka Nairobi. Watu waliacha biashara zao njia panda wakaja kutazama. Mmoja alisema ni punda aliyelishwa vizuri. Mama Ingrid akauliza nani anajua wanyama, wakanisukuma mbele mimi.

Alinieleza kwamba Lulu si farasi wa mbio. Ni wa ule mchezo wao wanaouita dresaji, mnyama anafundishwa kutembea kwa madaha, kwenda upande, kugeuka pale pale aliposimama, na mpandaji hapigi kelele wala fimbo, anaongea naye kwa mguu na kiuno tu. Nilimwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, sikuelewa kitu. Nilielewa kwamba kuna mnyama mchanga kazini anayetakiwa kutulia. Na sisi mnyama mchanga tunamtuliza vipi? Tunamfunga pamoja na mzee. Nikaenda kumleta Balozi, maksai wangu.

Ulipopata akili ulimkuta Balozi akiitwa hivyo, hukuuliza kwa nini. Tulimwita balozi kwa sababu hata akiwa kijana hakuwa na haraka, alitembea kama anayekwenda kusuluhisha ugomvi wa nyumba kumi. Basi nikamfunga Lulu shingo kwa shingo na Balozi, kama ninavyofunga ndama wa kwanza kujifunza nira. Lulu alipohisi shingo yake imeshikwa na kitu kisichosogea, alinyanyuka. Sijawahi kuona tumbo la mnyama likiwa juu ya kichwa changu. Kamba ilikatika, nikaanguka kwenye samadi, na Balozi aliendelea kucheua.

Mama Ingrid alikuwa kwenye uzio. Nilijua nimefukuzwa kazi. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaacha kucheka, maana Lulu alikuwa amerudi mwenyewe, amesimama karibu na Balozi, anamnusa masikio. Akaniambia, kwa Kiswahili chake kile, nisimfunge, nimwache amfuate tu. Kesho yake Balozi akatangulia kwenda lamboni kunywa maji kama kawaida yake, na Lulu nyuma, kamba mkononi mwangu imelegea mpaka inaburuta. Kwenda na kurudi. Lulu aliporudi, Mama Ingrid akampanda, akashuka baadaye akaniambia mgongo wa Lulu haujawahi kuwa laini hivyo tangu aingie nchi hii.

Ndivyo ilivyoanza desturi yetu. Umekua ukiiona, unadhani farasi wote wa dunia huanza siku kwa kumsindikiza ng'ombe lamboni. Hawaanzi hivyo, Minza. Huko uendako hakuna Balozi.

Kwa hiyo itabidi umbebe Balozi kichwani. Ukimtoa Lulu bandani, mpe hatua tu, hatua ndefu za kivivu, kamba au hatamu iwe imelegea, kichwa chake kiende kinapotaka. Usimwangalie mpandaji, mwangalie Lulu. Mkia wake mwanzoni umebanwa, na mgongo ni mgumu kama benchi la kanisani. Endelea kutembea. Utafika wakati mkia utaanza kuyumba kushoto na kulia wenyewe, atapuliza pua kwa nguvu, atatafuna bila kuwa na kitu mdomoni, atashusha shingo kama anayetafuta sarafu aliyoidondosha. Hapo ndipo amerudi kutoka lamboni. Kabla ya hapo mwili wake bado umelala, hata kama macho yako wazi.

Na Arusha ni baridi. Hapa kwetu jua likichomoza tu mnyama amekwisha kuiva nusu, tunasahau kwamba jua linatusaidia kazi. Kule wanasema asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni. Mwache na blanketi lake mgongoni wakati anatembea, utalitoa baadaye. Safari ya lamboni ya Arusha itakuwa ndefu kuliko ya Usagara, na wewe usione aibu kwamba wenzako wamemaliza.

Baada ya hatua ndiyo ile mbio ndogo, kwa duara kubwa, upande huu na upande ule, maana Lulu upande wake wa kulia ni mzito, unajua. Duara dogo mnyama akiwa baridi ni kumkunja. Mwache ajinyooshe kwa mbele na chini, pua ikielekea ardhini, mgongo uinuke wenyewe. Halafu hatua tena. Halafu mbio ndogo tena. Mama Ingrid alikuwa akisema kupumzika katikati ni sehemu ya kazi, mimi nilidhani ni uvivu wa kizungu, mpaka nilipoona Lulu anarudi kutoka kwenye mapumziko akiwa na hamu.

Kunyoosha miguu na shingo kwa mkono, acha mpaka mwili umepata joto, na ukiweza fanya baada ya kazi. Mguu haunyooshwi kwa kuvutwa. Unaushika chini, unausubiri, yeye mwenyewe anakupa. Asipokupa leo, urudishe chini kwa upole, kesho ipo. Mimi ng'ombe nilizoea kumvuta mguu kama ninavyong'oa kisiki, na kwa Lulu mikono yangu ilichukua muda mrefu kusahau.

Shingo unajua tulivyoifanya, na michembe. Mama Ingrid alitumia karoti, karoti zikawa shida, nikaona michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa tu, utamu ni ule ule, nayo tunayo gunia zima nyumbani. Unaweka kipande karibu na ubavu, anageuza shingo kukifuata, unaweka upande wa pili, kisha katikati ya miguu ya mbele, anainama kama anayesujudu. Ilikuwa nzuri kutazama. Na wewe ndiye uliyekuwepo siku ile alipomeza kipande kikavu haraka, kikakwama. Shingo ilikaza, povu likatoka puani, macho yakawa ya mtu anayezama. Mganga wa mifugo alikuwa Misungwi. Tulisimama naye, kichwa chake tukakiacha chini, mama yako akilia ndani, wewe ukimsugua shingo taratibu na kumwimbia wimbo wa shule, mpaka kikashuka. Bibi yako alisema michembe haijawahi kumkaba Msukuma yeyote. Labda, lakini Lulu si Msukuma. Tangu siku ile tunailoweka mpaka iwe laini. Mama yako amekufungia fuko la michembe. Loweka, mwanangu. Hata kama ni kipande kimoja, hata kama wanakusubiri.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka tangu nimekaa kwenye debe hili.

Wiki iliyopita alikuja yule mwalimu wa farasi wa huko mnakokwenda. Tangu Mama Ingrid na mumewe warudi kwao, Lulu alikuwa wa kuuzwa, hilo tulilijua, na watu wa Arusha walipokubali kumchukua pamoja na wewe mtunzaji wake tulishukuru sana, kazi zenyewe siku hizi watu wanapunguzwa, haziongezwi. Mwalimu huyo alikuja kwa ndege ya asubuhi na alitaka kuwahi ya jioni. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia vizuri, alimsifia Lulu. Lakini alikuwa na haraka, na mvua ilikuwa imenyesha, kumepoa. Akataka farasi aletwe moja kwa moja, aone kazi yake.

Wewe ulimleta. Akafunga kamba mbili kutoka kwenye lijamu hadi kwenye tandiko, kulia na kushoto, akazikaza mpaka kidevu cha Lulu kikakaribia kugusa kifua. Wanasema hivyo shingo inaonekana nzuri. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uzio na ndoo. Nikasema, "Bado hajapata joto, bwana." Akanijibu kwa adabu kabisa, "Atapata humo humo kazini." Akakupa kamba ya kichwani, akasema shika hapa, usiachie, akaweka mguu apande.

Nilimwona Lulu kabla hajanyanyuka. Sikio moja lilirudi nyuma, mgongo ukawa ule wa benchi, na nikajua, maana nilikuwa nimewahi kulala kwenye samadi kwa sababu hiyo hiyo. Shingo imeshikwa na kitu kisichosogea. Alinyanyuka. Mwalimu aliruka pembeni. Na wewe, Minza, ulibaki pale chini ya kwato, kamba mkononi, unavutwa juu mpaka vidole vya miguu ndivyo vinavyogusa ardhi. Kwato ilipita karibu na sikio lako. Akashuka, akanyanyuka tena, na bado umeshika. Nilivuka ule uzio, sijui vipi, mtu wa umri wangu. Zile kamba za tandiko nilizikata kwa kisu cha majani.

Mwalimu alijikung'uta tope, kisha akacheka, akasema farasi huyu ana hasira, atanyooka. Wewe ulikuwa unampapasa Lulu pua. Nikakuuliza kwa nini hukuachia.

Ukaniambia, "Aliniambia nisiachie, baba."

Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama unayenieleza umeweka wapi ufagio. Tangu hapo sijalala vizuri. Mama yako anadhani ni mgongo.

Najua nani alikufundisha. Unakumbuka ulipokuwa unaongoza ng'ombe wangu shambani, umetangulia mbele na kamba, kichwa chako hakifiki kwenye nira? Sheria ilikuwa moja tu kwa mtoto wa mbele. Ukishikishwa kamba, usiachie. Ukiachia, ng'ombe wataingia kwenye pamba ya jirani, jembe litaruka, mtu atakatwa mguu. Ni sheria nzuri, nami niliikuta kwa baba yangu. Na ile siku nyuki walipowavamia ng'ombe wakakimbia, hukuachia. Walikuburuta matuta yote mpaka mwisho wa shamba, magoti yakabaki nyama tupu, na kamba ukawa nayo. Nilikubeba mpaka nyumbani nikiwa najivuna. Niliwaambia majirani wote. Jioni tulichinja kuku, na firigisi, ambayo katika nyumba hii haijawahi kuliwa na mwingine ila mimi, nilikupa wewe kwenye sahani yangu mwenyewe. Ulikula polepole ili kaka zako waone.

Kwa ng'ombe ilikuwa sawa. Ng'ombe akikushinda anakuburuta, unachubuka, unapona. Farasi huenda juu, na akienda juu anaweza kuanguka kwa mgongo, na aliyeshika kamba anakuwa chini yake. Kitu nilichokulisha kwa furaha ndicho kinachoweza kukuua, na leo ningeweza ningeirudisha ile firigisi sahanini.

Ninaogopa kwa sababu wewe ni mtoto mzuri. Watu wananipongeza kwa hilo. Ukiitwa unaitika, ukitumwa unakwenda, mkubwa akisema unainamisha macho. Nimekulea niweze kukutuma popote bila wasiwasi, na sasa unakwenda mahali ambapo kila mtu ni mkubwa kwako, na wengi wao wana haraka.

Sikuambii uwe mkaidi. Hutaweza, na ungejaribu ungecheka mwenyewe. Huna haja ya kusema hapana kwa mwalimu. Sema bado. Macho chini ukitaka, mikono nyuma ukitaka, "Bado, mwalimu, hajapata joto." Kisha endelea kutembea na Lulu. Akikuuliza lini, mwambie mkia utasema. Akikaza zile kamba mnyama akiwa baridi na kukushikisha kichwa, mwambie bado, na asiposikia, usiipokee kamba. Na ukiwa umekwisha kuipokea na ukaona sikio limerudi na mgongo umekuwa benchi, achia. Fungua vidole, Minza, uruke pembeni. Farasi akikimbia atakamatwa. Hatamu zikikatika zitashonwa. Ukigombezwa, utakuwa umegombezwa ukiwa mzima.

Wanaweza kukuchukia. Wanaweza kusema wamechukua mtu wa kutunza farasi, hawakuchukua bibi wa kuwafundisha. Wakikurudisha kwa sababu hiyo, rudi. Nitakusubiri njia panda, nitabeba begi lako, na sitakuuliza chochote hapo wala nyumbani. Mama yako naye nitamnyamazisha, ingawa hilo siliahidi sana.

Na usije ukaacha kumwogopa Lulu. Unampenda kuliko mimi, najua, unalala bandani akiumwa, unamnong'oneza mambo usiyotuambia. Mpende tu, lakini bakiza woga kidogo. Mimi kila asubuhi nilikwenda polepole kwa sababu nilikuwa namwogopa, na kumbe polepole ndiyo ilikuwa inamfaa. Mama Ingrid aliniita mpole. Hakujua ni woga, na mimi sikumsahihisha.

Sasa sikiliza habari ya kesho. Dereva wa lori anataka muondoke alfajiri, awahi Shinyanga kabla jua halijawa kali. Atapiga honi. Mama yako atakuwa analia na kuhesabu mizigo. Mimi, kwa ninavyojijua, nitakuwa mbaya kuliko wote. Nikimwogopa farasi nakwenda polepole, lakini nikimwogopea mtu nakuwa na haraka, na kesho nitaogopa sana. Nitakuja bandani nikikufokea, nitasema mpandishe Lulu upesi, watu wanasubiri, unangoja nini. Nitakushikisha kamba nikuambie vuta. Nitakuwa nimesahau kila nilichoandika hapa.

Lulu atakuwa ametoka kulala, mgongo mgumu, na mbele yake siku nzima ya kusimama kwenye lori linalorushwa na mashimo. Anatakiwa aende lamboni kwanza. Balozi ni mzee sana sasa, kwenda tu atachukua muda wa kumchosha mtu, lakini nataka waende pamoja mara hii ya mwisho, kwa mwendo wake Balozi, na kurudi.

Kwa hiyo nikikufokea, usinitii. Niangalie usoni uniambie, "Bado, baba." Katika maisha yako yote sijakusikia ukinikatalia jambo, hata dogo. Nataka nisikie mara moja kabla hujaondoka, nijue mdomo wako unaweza. Nikikushikisha kamba kwa nguvu, iachie ianguke, mbele ya dereva na mbele ya bibi yako, wote waone.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uikute ukirudi kutoka kwa bibi yako. Mama yako ameshachinja kuku wa kukuaga, nasikia harufu mpaka huku. Utaona firigisi haimo sahanini mwako usiku huu, wala mwangu. Nimemwomba anifungie kwenye karatasi, na kesho itakuwa mfukoni mwangu pale mlangoni pa banda. Ile ya kwanza nilikupa kwa kutoachia. Hii itakusubiri mpaka uniambie bado.

Mimi baba yako.